Muulize Mwalimu: Eksirei za jua, kisanduku cha wanafunzi na redio ya mzee wa Ngarenaro

Toleo lililopita nilijibu swali la msomaji kuhusu vyombo vya angani, nikachomeka aya mbili juu ya satelaiti iitwayo MinXSS: kisanduku cha kilo tatu na nusu kilichopelekwa juu kupima eksirei za jua, kwa sababu eksirei hizo hazifiki ardhini. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza. Barua zilizokuja zimeifunika hata mada ya betri za sola, ambayo kila mtu hapa Moshi ni mtaalamu wake. Basi leo safu nzima ni ya jua. Barua nimezifupisha, na wote mlioniamkia nawaitikia kwa pamoja: marahaba.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpagazi, nafanya kazi njia ya Machame. Umesema eksirei za jua hazifiki ardhini. Sawa, lakini sisi tunafika Uhuru, mawingu yako chini yetu, jua linawaka mpaka midomo inapasuka. Kwa nini hao wataalamu wasiweke kipimo chao pale Kibo? Kilo tatu na nusu ni mzigo gani? Mimi nabeba ishirini.
*Mpagazi, Machame*

Mwanangu, ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama za swali kabla ya kutoa jibu.

Ukiwa Uhuru, mita 5,895, karibu nusu ya hewa yote ya dunia umeiacha chini ya miguu yako. Mapafu ya wageni wako yanalijua hilo vizuri. Ila nusu iliyobaki bado iko juu ya kichwa chako, na uzito wake ni sawa na wa maji yenye kina cha mita tano. Sasa eksirei ambazo jua hutoa kwa wingi ni zile zinazoitwa laini. Nyingi kati ya hizo hazimalizi hata sentimita moja ya hewa ya hapa Moshi mjini kabla hazijamezwa. Zenye nguvu zaidi huenda mita kadhaa, na zile kali zinazotoka wakati wa mlipuko mkubwa huenda makumi ya mita zikijitahidi sana. Wewe ukipanda kutoka Machame hadi Kibo umepunguza unene wa ukuta, lakini ukuta bado upo. Eksirei za jua huishia huko juu sana, kilomita 60 hadi zaidi ya 100 kutoka ardhini. Zile ndege kubwa unazoziona zikishuka KIA huwa zimetoka kwenye kilomita 10 au 12 tu.

Kinachopasua midomo yako ni baridi kavu, upepo, na miale ya urujuanimno, ambayo kweli huongezeka kadiri unavyopanda na huongezeka tena inapoakisiwa na barafu. Hiyo ndiyo ya kuogopa mlimani. Na hapa niseme langu: naona wageni wanapanda na miwani ya bei mbaya, wapagazi wanapanda macho matupu. Jicho la mpagazi halikutengenezwa kwa kitu kingine. Dai miwani inayozuia urujuanimno kama unavyodai posho.

Walioanza kazi hii walijua mapema kwamba milima haitoshi, hawakuhangaika nayo. Mwaka 1949 Herbert Friedman na wenzake, wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, walipandikiza vigunduzi kwenye roketi ya V-2, zile za kivita zilizotekwa kutoka kwa Wajerumani. Roketi ilipanda, ikaonja eksirei za jua kwa dakika chache, ikaanguka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi: dakika chache kwa safari. Mwaka 1960 ndipo wakapata satelaiti ya kuliangalia jua kwa muda mrefu, SOLRAD 1, tufe la kilo 19 hivi. Zingatia hizo kilo. Satelaiti ya kwanza ya eksirei za jua ilikuwa nyepesi kuliko mzigo wako wa siku moja.

Na kwa kuwa umetaja Uhuru, kuna Uhuru nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini pale Ngomeni, jirani na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kutafuta eksirei angani. Siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, Wamarekani wakaipa satelaiti jina la Uhuru, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Yenyewe haikulishughulikia jua. Ilipekua anga yote ikakuta vyanzo vya eksirei zaidi ya 300. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alikuja kupewa Nobel mwaka 2002. Wageni wako wakikuuliza mkiwa kileleni, wape na hiyo.

Mwalimu, mimi ni mhasibu kwa hiyo nauliza kihasibu. Jua lina vyombo vikubwa vinavyolitazama kwa mabilioni ya dola. Hicho kisanduku kilichojengwa na wanafunzi kimeona nini ambacho vikubwa havikukiona? Au ni mradi wa kuwapatia vijana vyeti?
*Mhasibu, Njiro, Arusha*

Vyeti walipata, sikufichi. Ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, na kiongozi wa mradi alikuwa mwanasayansi Tom Woods. Lakini tuangalie vitabu vyenyewe.

Kitu kinachowachanganya watu ni kuamini kwamba chombo kikubwa lazima kione zaidi. Kwa nyota, kweli. Darubini ya Chandra, iliyorushwa 1999, ina urefu wa karibu mita 14 kwa sababu kazi yake ni kuokota chembe moja moja za eksirei kutoka mbali mno. Jua si mbali. Ukikaa jirani na spika za harusini hutegi sikio, unaliziba. Na ndivyo walivyofanya: tundu la kuingizia eksirei kwenye kipimo cha MinXSS lilikuwa na kipenyo cha chini ya robo ya milimita. Tundu kubwa lingekizamisha kigunduzi. Kwa hiyo swali la jua la namna hii halikuhitaji chombo kikubwa tangu mwanzo. Lilikuwa linasubiri tu kigunduzi kizuri kiwe kidogo na cha bei ya kununulika.

Kigunduzi chenyewe hakikubuniwa upya. Kilinunuliwa kwa kampuni inayoviuza, kwa jina Amptek. Ni kipande cha silikoni kinachopozwa. Kila chembe ya eksirei ikigonga, kinaandika: imekuja moja, nishati yake ni hii. Vifaa vya ukoo huo huo ndivyo vilivyo ndani ya mashine ambazo wanunuzi wa dhahabu hutumia kupima usafi wa dhahabu bila kuikwaruza. Nadhani huko Arusha umewahi kuiona mojawapo ikielekezwa kwenye pete ya mtu.

Sasa kimeona nini. Satelaiti kubwa za GOES za Marekani zimekuwa zikipima eksirei za jua tangu miaka ya 1970, kila dakika, usiku na mchana. Ila zinapima jumla tu, kwenye mikanda miwili mipana. Wewe mhasibu utanielewa: ni kama kupewa jumla ya mauzo ya mwezi bila risiti. Unajua duka limechangamka, hujui limeuza nini. Vyombo vilivyowahi kutoa risiti, yaani kupanga eksirei laini kwa nishati zake moja baada ya nyingine, vilikuwa vichache na vya muda mfupi. MinXSS ilikwenda kuziba pengo hilo.

Na risiti ndizo zenye habari. Kila elementi ikichemshwa kupita kiasi hutoa eksirei za nishati yake yenyewe, haibadiliki, iwe Njiro au kwenye jua. Chuma kwenye mlipuko wa jua huonekana karibu na kiloelektroni-volti (kipimo cha nishati ya eksirei) 6.7. Kalisi karibu na 3.9. Silikoni chini ya 2. Ukizipanga unajua kuna nini, kiasi gani, na kina joto gani.

Joto ndilo fumbo lenyewe. Uso wa jua, ule tunaouona, una nyuzi 5,500 za Selsiasi hivi. Juu yake kuna angahewa jembamba linaloitwa korona, ambalo macho huliona tu jua likipatwa kabisa. (Kule kupatwa kwa Septemba 1, 2016 kulikowapeleka watu Rujewa kulikuwa kwa pete, ndiyo maana korona haikuonekana, ukingo wa jua uliobaki uliifunika.) Korona ina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Soma tena. Unaondoka kwenye moto, unapanda, na joto linaongezeka mara mamia. Tangu Walter Grotrian na Bengt Edlén walipoonyesha, kati ya 1939 na 1943, kwamba mistari ya ajabu ya mwanga wa korona inatoka kwa chuma kilichonyang'anywa elektroni nyingi, watu wanabishana joto hilo linapandishwa na nini. Wengine wanasema ni milipuko midogo midogo isiyohesabika, wengine wanasema ni mawimbi ya sumaku yanayopanda kutoka chini. Ubishi huu hauishi kwa kupiga picha nzuri. Unahitaji kujua gesi yenye nyuzi milioni mbili ni kiasi gani, ya milioni tano kiasi gani, ya milioni kumi ipo au haipo, na hilo linasomwa kwenye eksirei.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo tamu zaidi. Korona haina mchanganyiko ule ule wa elementi ulio kwenye uso wa jua. Elementi ambazo atomu zake huachia elektroni ya kwanza kirahisi, kama chuma, magnesi na silikoni, zimejazana kule juu, mara mbili hadi nne ya kiwango cha chini. Kama vile kuna mlinzi mlangoni anayewapendelea. Lakini mlipuko mkubwa ukitokea, upendeleo unapotea: mchanganyiko unakaribia kufanana na wa uso wa jua. Maana yake gesi mpya imepanda kwa kasi kutoka chini na kuijaza korona kabla mlinzi hajafanya uchaguzi wake. Vipimo vya MinXSS vimechangia kulionyesha hilo, na kipimo cha Wahindi kiitwacho XSM, kinachozunguka Mwezi ndani ya Chandrayaan-2 na chenye kigunduzi cha namna ile ile, kimeona hali hiyo hata kwenye milipuko midogo. Hilo si jambo la cheti.

Nikupe na upande wa hasara, maana najua utauliza. MinXSS ya kwanza ilisukumwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa tarehe 16 Mei 2016, kupitia mlango wa chumba cha Wajapani kinachoitwa Kibo. (Mpagazi wa Machame, umesoma? Jina ni la Kijapani, halihusiani na mlima wetu, lakini kipimo kilipita Kibo hata hivyo.) Kituo kile huzunguka kwenye kilomita 400 hivi, ambako bado kuna mabaki ya hewa yanayovuta vyombo kidogo kidogo. Kisanduku kilishuka, na tarehe 6 Mei 2017 kikaungua angani. Kiliishi chini ya mwaka. Wakarusha cha pili Desemba 2018, kwenda juu zaidi. Januari 2019 kikanyamaza na hakikuzungumza tena. Mwezi mmoja tu.

Chombo cha mabilioni kikinyamaza baada ya mwezi mmoja, kizazi kizima cha watafiti kinakaa bila data. Hapa kazi iliendelea. Tarehe 14 Februari 2022 roketi ya India ilipaisha kipimo kilichoboreshwa, DAXSS, ndani ya satelaiti ndogo INSPIRESat-1 iliyojengwa na vyuo na taasisi za Marekani, India, Singapore na Taiwan. Kipimo ni cha ukoo ule ule, risiti zake ni safi zaidi.

Sitaki uondoke ukidhani vikubwa vinakula hela bure. Kisanduku hiki huliona jua lote kama nukta moja. Hakiwezi kukuambia mlipuko umetokea upande gani wa jua. Kwa hilo unahitaji vyombo kama Solar Orbiter ya Ulaya, iliyorushwa Februari 2020, ambayo ina kifaa cha kuchora ramani ya mahali eksirei zinapotoka. Na tena, kisanduku kidogo hakina nguvu ya kutuma data nyingi. Redio yake ni ndogo, na MinXSS ilisaidiwa na wapenda redio wa nchi mbalimbali waliokuwa wanainasa ikipita juu ya nyumba zao. Wafungie hesabu pamoja, kikubwa na kidogo, utaona zinalingana.

Mwalimu, mimi fundi redio hapa Ngarenaro. Kuna mzee ana redio ya zamani ya masafa mafupi, anasikiliza idhaa za nje. Anasema mchana inanyamaza ghafla, baada ya nusu saa au zaidi inarudi yenyewe. Nimeifungua, nimebadilisha kapasita, sioni ugonjwa. Sasa anadai nimemla hela. Nimesikia jua likilipuka linagusa redio. Kweli, au nitafute kosa langu?
*Fundi, Ngarenaro, Arusha*

Kweli, lakini usiliruhusu jua likubebee kila kosa.

Masafa mafupi hufika mbali kwa sababu hurudishwa chini na tabaka la juu lenye umeme, ionosfia. Mawimbi yanapanda, yanarudi, yanapanda tena, mpaka idhaa ya Ulaya inasikika Ngarenaro. Chini ya tabaka hilo linalorudisha, kwenye kilomita 60 hadi 90, kuna lingine ambalo kazi yake ni kumeza. Kwa kawaida mchana linameza kidogo. Jua likilipuka, eksirei zake zinagonga hapo hapo, zinang'oa elektroni, na tabaka hilo linakuwa sponji. Mawimbi hayafiki hata juu. Eksirei husafiri kwa mwendo wa mwanga, dakika nane na sekunde ishirini kutoka jua hadi kwetu, kwa hiyo hakuna anayekuonya: unapouona mlipuko, redio imeshanyamaza.

Sisi wa karibu na ikweta tunaupata mzima mzima kwa sababu jua linatukalia utosini. Chukua tarehe 3 Oktoba 2024. Saa tisa na dakika 18 alasiri kwa saa zetu, mlipuko wa ukubwa wa X9.0 ulifika kileleni. Afrika ilikuwa kwenye mwanga. Hapo Arusha jua lilikuwa nusu ya safari kutoka utosini kwenda machweo. Masafa mafupi yalivurugika sehemu kubwa ya bara. Kama mzee wako ana daftari la tarehe, mwulize ile.

Hizo herufi ni rahisi: A, B, C, M, X, kila moja mara kumi ya iliyotangulia, na namba inayofuata ni ya kuzidisha. Ni zile satelaiti za GOES ndizo zinazozipima. Za C hutazihisi redioni. Kuanzia M ndipo masafa mafupi yanaanza kupata shida, na X ni balaa la mchana.

Sasa mtihani wako wa ufundi. Likiwa jua, idhaa zote za masafa mafupi hupotea kwa pamoja, za mita bendi ndefu zaidi zikiathirika kuliko fupi, na hata yale makelele ya kukwaruza hupungua, kwa sababu nayo mengi yalikuwa yanakuja kwa njia hiyo hiyo. Redio inakuwa kama imezimwa ilhali taa inawaka. Kurudi inarudi polepole, za mita fupi kwanza. FM haiguswi. Usiku haitokei kabisa. Ukiona makelele yameongezeka, si jua; hiyo ni chaja ya simu, taa ya LED au kidhibiti cha sola cha jirani. Ukiona FM nayo inakatika, au redio inarudi mzee akiipiga kofi, mrudishie hela yake usafishe swichi ya bendi.

Na usichanganye na ile dhoruba ya Mei 2024 iliyowafanya watu wa kaskazini ya dunia waone anga jekundu. Ile ililetwa na mawingu ya chembe yaliyotupwa na jua, ambayo huchukua siku moja hadi tatu kufika. Eksirei ni habari nyingine, na hufika kwanza.

Mwalimu, nina mimba ya miezi mitano na nalima. Hizo eksirei za jua zinaweza kumdhuru mtoto?
*Mama mtarajiwa, Ngaramtoni*

Hapana mama. Hazifiki shambani, hazifiki hata kilele cha Meru. Ukienda kupigwa picha hospitali, hapo ndipo mwambie mhudumu wa eksirei kwamba una mimba, kabla hujapanda kitandani. Zile zina nguvu ya kupita mwilini, ndiyo kazi yake. Shambani vaa kofia pana, unywe maji, na saa sita upumzike.

Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tatu Moshi. Je, Mtanzania anaweza kutengeneza satelaiti kama hiyo? Naanzia wapi? Mwalimu wetu wa fizikia amesema tusiote.
*Mwanafunzi, Moshi*

Mwalimu wako nitakutana naye. Wewe endelea.

Kipimo cha msingi cha visanduku hivi, sentimita kumi kwa kumi kwa kumi, kilipangwa mwaka 1999 na maprofesa wawili wa California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, kwa lengo hasa la kuwawezesha wanafunzi kumaliza satelaiti kabla ya kumaliza chuo. MinXSS ilikuwa vipande vitatu vya namna hiyo vilivyopangwa kwa urefu. Antena za visanduku vingi vya aina hii ni utepe wa chuma wa fundi, ule wa kupimia mbao, unaokunjwa na kujifyatua wenyewe ukishafika angani. Nakuambia hili usiogope vitu kwa sababu ya majina yake.

Majirani wameshafanya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kisanduku chake, 1KUNS-PF, kilichoachiwa kutoka kituo cha anga Mei 2018. Kilibeba kamera, si kipimo cha eksirei. Uganda walifuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, iliyojengwa na wahandisi watatu waliokwenda kusomea hapo hapo ilipojengwa, Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Wakenya walipanda kwa nafasi ya KiboCUBE, mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani: taasisi ya nchi inayoendelea inajenga satelaiti yake, na kuipeleka juu na kuiachia wanagharimia wao. Anayeomba ni taasisi, si mtu mmoja. Kwa hiyo kazi yako ya miaka mitano ijayo ni kuingia mahali penye taasisi yenye hamu, na huko Tengeru na Arusha mjini vyuo vya sayansi na ufundi vipo.

Kujifunza: hesabu usiiache. Programu, anza na lugha ya Python, hata kwa kompyuta ya kuazima. Kulehemu saketi, nenda kakae kwa fundi redio wakati wa likizo, umwambie hutaki mshahara (yule wa Ngarenaro naona ana muda kidogo sasa hivi). Redio, soma namna ya kupata leseni ya upenda redio ya TCRA, maana kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. Kitu usichokihitaji kwa sasa ni hela nyingi. Data za MinXSS ziko wazi kwa yeyote kwenye mtandao, na wapo watu wazima wenye shahada wanaoishi kwa kuzichambua.

Lakini wiki hii anza na hili. Idara ya hali ya hewa ya anga ya Marekani, iliyo chini ya NOAA, huonyesha mtandaoni mchoro wa eksirei za jua kutoka satelaiti za GOES, unaosasishwa muda wote. Fungua hata kwa simu. Mstari wa pembeni umegawanywa A, B, C, M, X, na kila hatua ni mara kumi, ndiyo maana mlifundishwa logarithmi. Kila siku baada ya shule andika kilele kikubwa cha siku hiyo na saa yake. Mlipuko hupanda ghafla na kushuka taratibu. Ukiuona mara mbili tatu hutausahau. Ukipata M au X iliyotokea mchana kwetu, niandikie, na umtafute mtu mwenye redio ya masafa mafupi akuambie alisikia nini. Saa zilizo kwenye mchoro ni za Greenwich. Ongeza tatu.